Hodi kwa Nyuzi Nne

— Nadjati, umeshafunga?

— Subiri kwanza, wifi. Mimi si pweza, mikono ninayo miwili tu.

Bahia alisikia mikwaruzo, kikohozi, kisha kishindo cha kitu kugonga meza. Alikuwa amekaa dukani kwake Moroni, mkonga wa simu umebanwa begani, mlango umerudishwa nusu ili wateja wadhani ameenda kuswali. Huko kisiwani Maore, wifi yake mtarajiwa alikuwa amesimama ofisini kwa wakili anayemfanyia usafi. Wakili ameenda kula, na juu ya meza yake simu mbili zimepokelewa kwa pamoja, moja ya Moroni, nyingine ya Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Nadjati alikuwa akiigeuza mikonga ile kichwa kwa miguu, mdomo wa huyu kwenye sikio la yule, kisha anaifunga kwa ushungi wake kama mtu anayefunga kuni.

Ndivyo watu walivyopendana miaka ile. Nzwani ilikuwa imetangaza kujitenga, Moroni, mji mkuu, imenuna, na laini za simu kati ya visiwa viwili zimekatwa. Lakini Maore, kwa Wafaransa, simu iliingia kutoka kote. Ukiwa na ndugu Maore mwenye moyo mzuri na ushungi mrefu, uliweza kuambiwa unapendwa.

— Bahia?

— Nipo.

— Sauti yako imekonda.

— Imepita kichwani kwa dada yako, itaachaje kukonda?

Imrane, upande wa Mutsamudu, alicheka. Cheko lile Bahia alilijua lilivyokuwa zamani, zito, la kutoka tumboni, lakini simu ilimletea maganda yake tu. Imrane akamwambia kwa haraka, maana wakili hakuwa mtu wa kula polepole, kwamba albamu imekwisha. Ya kwanza maishani mwake. Wameirekodi kwenye ghala la karafuu karibu na bandari, magunia yamepangwa ukutani hadi darini ili sauti isirudi, na kila mpigaji amepiga chafya mpaka akazoea. Humo ndani mna ngoma za kwao Nzwani, mna akina mama waliotwanga vinu kwa mpigo, mna jazz, mna soul, na katikati ya yote gitaa lake la besi.

— Kuna wimbo mmoja nataka uusikie sasa hivi. Usinikatize. Humo ndani nimekuuliza jambo. Ukiisha, nijibu.

— Na ukiniuliza kwa mdomo itakuwaje?

— Kwa mdomo nilishashindwa. Sikiliza.

Bahia akasikiliza. Imrane akabonyeza kanda; vinu vilianza, vikapokewa na ngoma. Kisha akaingia mwanamke. Mwanamke mwenyewe alikuwa na sauti ya kuyeyusha sukari bila maji. Aliimba juu ya baraza, juu ya asubuhi, juu ya mtu aliyekwenda. Bahia akatega sikio amsikie Imrane. Hakumsikia popote. Ghafla mwanamke akanyamaza, ngoma zikanyamaza, na vinu navyo. Ukabaki mvumo wa laini na mkwaruzo wa mbali, kama mtu anayekuna mkeka vyumba vitatu kutoka hapo.

— Alo? Nadjati, imekatika?

Nadjati hakujibu, alikuwa mlangoni akimchungulia wakili. Kimya kile kikaendelea, kirefu cha kukera. Ndipo yule mwanamke akarudi, sasa anabembeleza kabisa, wimbo ukaisha.

— Umesikia?

— Nimesikia.

— Basi nijibu.

Bahia akajibu kile alichokisikia.

— Hongera. Ana sauti nzuri huyo dada. Anaitwa nani?

— ...Ibtissam.

— Mwambie nimemsifu.

— Bahia. Hilo ndilo jibu lako?

— Ulitaka nimpigie na vigelegele?

— Hapana, alisema Imrane, polepole kama mtu anayefunga dirisha la chumba cha mgonjwa. Nimeelewa.

Laini ikakatika, na safari hii haikukatwa na serikali yoyote.

Ili uelewe kwa nini Bahia alikaa pale akitazama simu hadi wateja wakagonga mlango, turudi nyuma kidogo, siku ambazo Mnzwani kuishi Moroni halikuwa jambo la kujadiliwa barazani.

Imrane alikuwa mwalimu wa hesabu, na jioni za Jumamosi alipiga besi kwenye bendi za twarab. Aliingia dukani kwa Bahia, pale karibu na soko la Volo Volo, kutaka anakiliwe kanda ya jazz ambayo mtu alimletea kutoka Marseille. Bahia alikuwa na mashine mbili za kunakili na spika kubwa mbili za kukodisha kwa harusi. Kijana yule hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alichutama mbele ya spika akaweka kiganja kwenye mbao zake. Bahia akamuuliza kama anaipima homa. Akajibiwa kwamba watu wote husikiliza wimbo juu, kwenye mdomo wa mwimbaji, ila wimbo unaishi chini, na chini hakuna anayepatazama. Bahia alimwambia hayo ni maneno ya mtu ambaye bendi imemsimamisha nyuma ya pazia. Kijana akacheka lile cheko lake. Kanda ilikwisha kunakiliwa, na yeye hakuondoka.

Walitaniana mwaka mzima. Imrane alisema Wangazija, watu wa kisiwa cha Moroni, hujenga nyumba ghorofa mbili ndipo wakakumbuka ngazi. Bahia alisema Wanzwani huongea kama wanaofukuzwa na mbwa. Walikwenda Ikoni kumwamkia baba yake Bahia, mzee Salimou, na mzee akamkalisha Imrane mchana kutwa akimweleza dama, mchezo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kushinda.

Lakini Bahia alikuwa binti wa kwanza. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Binti wa kwanza hujengewa na wajomba zake, na mume ndiye anayehamia, na begi lake na tabia zake. Nyumba ya Bahia ilisimamiwa na mjomba Badroudine, kaka wa marehemu mama yake, kutoka msingi hadi bati, na kila tofali alilipanga akiwaza harusi kubwa ya kimila, yeye akikaa safu ya mbele na joho lake. Kwa harusi ya namna hiyo bwana harusi hutakiwa awe mtu wa mji wa bibi harusi. Mwalimu wa hesabu kutoka Mutsamudu, mwenye gitaa la nyuzi nne, hakuwamo kwenye hesabu hiyo.

Kisha ikaja siku ile mbaya. Mazungumzo ya wakubwa juu ya Nzwani yalikuwa yamevunjika, na Moroni vijana wakamiminika barabarani wakipiga kelele Wanzwani warudi kwao. Imrane alikuwa nyumbani kwa Bahia, anakunywa chai. Badroudine akaingia bila hodi.

— Kijana, chukua gitaa lako uondoke. Sitaki nyumba hii ichomwe kwa sababu yako.

Imrane hakumtazama Badroudine. Alimtazama Bahia. Alimpa nafasi ndefu kabisa ya kusema neno, lolote. Bahia akatazama ndani ya birika kana kwamba chai imeandikwa kitu. Imrane akasimama, akashukuru kwa chai, akatoka. Alikwenda bandarini na wenzake waliobeba magodoro na watoto, na meli ikawachukua.

Kimya kile ndicho Bahia alichokuwa akikilipia. Kila simu ya Maore alitaka kukitaja, na kila mara ushungi wa Nadjati ulifunguka kabla hajaanza. Sasa mtu amemwimbishia mwanamke mwingine sikioni mwake, tena akataka maoni.

Basi hasira ikafanya kazi yake. Jioni ileile alipita kwa mjomba akamwambia amekubali. Badroudine hakuuliza amekubali nini. Alikuwa na mtu wake tayari, tangu zamani: Moindjié, afisa wa forodha, mtu wa mji, tumbo la heshima, manukato yanayotangulia kona. Na wala hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililouma. Angekuwa mbaya, hadithi ingekuwa fupi.

Siku zikaenda. Wanawake wa mtaa wakaanza kushona sare. Asubuhi moja Moindjié alipita dukani achague muziki wa sherehe, akakuta mfanyabiashara mmoja, Hamidou, ameketi juu ya kikapu chake cha vitunguu. Hamidou alikuwa ametoka Mutsamudu kwa kuzunguka, kupitia visiwa vya Maore na Mwali, kwa sababu njia iliyonyooka ilikuwa imefungwa, na mfukoni alikuwa na kanda moja anayotaka inakiliwe kwa wingi. Alisema Mutsamudu nzima inaicheza, kwamba askari wa kujitenga na wapinzani wao wanaikimbilia sawasawa, na huko ni jambo la kushangaza kwa sababu hawakubaliani hata juu ya saa.

Bahia alijua kabla hajaisoma. Angeweza kusema mashine imeharibika. Lakini Moindjié alikuwa ameketi pale, kikombe cha kahawa mbele yake, na yeye hakutaka mtu yeyote, hata kuta, wafikiri kwamba kanda inaweza kumtisha.

— Iweke, bibi, alisema Moindjié. Tusikie majirani wanafanya nini na uhuru wao.

Akaiweka, kwenye spika kubwa, zile za harusi, zilizokuwa zimetazama sokoni.

Wimbo wa kwanza ulipita, na wa pili. Bahia alishughulika na karatasi za kufungia. Ukaja ule. Vinu, ngoma, mwanamke wa sukari. Ila safari hii chini ya mwanamke palikuwa na mtu. Besi lilikuwa likitembea chini yake hatua kwa hatua, likimshika mkono penye shimo, likimwacha penye tambarare. Kijiko kwenye kikombe cha Moindjié kikaanza kulia chenyewe. Kisha mwanamke akanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Vinu vikanyamaza.

Na pale kwenye simu palipokuwa hamna kitu, besi likazungumza peke yake.

Hakuna mtu wa Moroni asiyeujua wimbo ule. Ni ule unaoimbwa na wanaume nje ya nyumba ya bibi harusi, bwana harusi akiwa katikati yao, wakiomba afunguliwe aingie. Wanaume huimba mstari, wananyamaza, na wanawake kutoka ndani huitikia. Imrane aliuchukua wimbo wa Wangazija akaupiga kwa dole gumba, chini kabisa, polepole, na ndani yake ameweka huzuni ya jazz na subira ya soul, na kila mstari ukifika mwisho aliacha nafasi. Nafasi ya mtu wa ndani kuitikia.

Mara ya kwanza nafasi ile ilipita tupu. Mara ya pili, muuza mchicha nje ya duka, mama mtu mzima aliyekuwa anafunga mafungu yake bila kuinua macho, aliitikia. Kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitika salamu. Mwenzake wa ndizi akampokea. Mara ya tatu mstari mzima wa wauza mboga ulikuwa ukiitikia, na mmoja akapiga kigelegele, akauliza nani anaolewa.

Bahia akaweka kiganja kwenye mbao za spika.

Mungu wangu, alijisemea. Mtu mzima, muuza muziki, siku zote anawatukana wateja wanaosikiliza kanda kwenye redio za mfukoni kwamba hawatasikia besi hata wakiitafuta kwa tochi. Na simu ni nini kama si redio ya mfukoni iliyokonda zaidi? Aliambiwa asikilize, akasikiliza kwa wivu.

Moindjié aliushika mkono wa kikombe chake ili kijiko kisiendelee kulia. Alimtuma Hamidou nje akamnunulie ndizi, ndizi asizozihitaji.

— Huyu anabisha hodi, alisema.

— Ndiyo.

— Kwako?

— Kwangu. Alinipigia kwenye simu. Sikusikia. Nilimsifia mwimbaji.

Moindjié alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa.

— Samahani. Nimekuja kuchagua muziki wa harusi yangu, nakuta umeshapigwa wa mwenzangu. Tena mzuri.

— Moindjié, mimi...

— Usinieleze. Mimi mlango huu nilionyeshwa na mjomba wako, na nikaona ni mlango mzuri. Lakini sikuwahi kusimama nje yake nikaomba. Alisimama, akavuta koti likae vizuri juu ya tumbo, akaongeza: Mjomba nitamwambia mimi nimeghairi. Nitasema umenishinda ukali.

— Hapana. Nikikuachia wewe useme, nitakuwa nimenyamaza tena.

Moindjié akatikisa kichwa, akaondoka na nakala moja ya kanda ile, ambayo alisahau kuilipia.

Mchana wa kesho yake Bahia alipiga Maore. Nadjati alikuwa na chuki naye hata ya kugawa. Alimwambia kaka yake ameacha kula, kwamba amemuulizia mambo ya kwenda Marseille, kwamba kuna watu huombwa vizuri wakajibu kama wanaonunua dagaa.

— Nadjati, besi haipiti kwenye simu.

— Nini?

— Haipiti. Simu inachuja. Nilisikia mwanamke, nikasikia kimya. Hodi yake sikuisikia hata chembe. Nimeisikia jana.

Nadjati akaanza kucheka, cheko la mtu anayeteseka, na katikati yake akasema kwamba yeye ndiye aliyefunga mikonga ile, na aliposikia kimya kile alifikiri kanda ya kaka yake imeharibika, akamwonea aibu. Akamfungia mikonga tena, bila hata kuombwa.

Imrane alimsikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

— Kwa hiyo hukusikia.

— Sikusikia. Nimesikia sasa. Jibu langu ni ingia.

— Ibtissam ni mke wa Chanfi, mpiga ngoma wetu. Ana mimba ya miezi minane. Anakaa akiimba kwa sababu hawezi kusimama.

— Sikuuliza.

— Uliuliza. Kisha akavuta pumzi. Bahia, siku ile nilikuwa ndani ya nyumba yako, na wewe ulikuwemo. Hapakuwa na simu ya kuchuja. Ulinyamaza ana kwa ana.

— Najua.

— Basi neno la simu silitaki. Limeshaniumiza mara moja, sina haja ya kujua kosa lilikuwa la waya au la nani. Meli ya kunipeleka Maore, nikatafute njia ya Marseille, ipo mwisho wa mwezi. Ukinitaka, niite mahali ninapoweza kukuona mdomo.

Bahia akaweka simu chini. Akafunga duka. Akaenda nyumbani kwake, akachemsha chai, akamwita mjomba.

Badroudine alikuja akidhani ni habari za sare. Alipoelezwa, hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa barazani, alijua sauti ya chini huenda mbali. Alisema Mnzwani hataingia humu. Alisema hawa ndio waliovunja nchi. Alisema nyumba hii ameijenga yeye, jua limempiga yeye, na binti anayeozwa bila harusi kubwa humvua nguo mjomba wake mbele ya wenzake.

— Mjomba, umeijenga nyumba hii ya nani?

— Yako.

— Kwa mila gani?

— Kwa mila yetu, unajua wazi.

— Basi mila hiyohiyo. Mume anayeingia humu simchagulii mtu, na mtu hanichagulii. Mwaka jana ulimtoa mgeni wangu, nami nikatazama birika. Nilifanya kama mimi ndiye mgeni. Sitafanya tena.

— Unanifukuza?

— Hapana. Keti unywe chai. Hapa pako siku zote. Lakini anakuja, na akija hatatoka.

Badroudine alitazama kuta zake kwa muda mrefu, kila pembe.

— Harusi kubwa huna tena, alisema. Unajua hilo. Dhahabu ya mama yako itamngoja mdogo wako. Na mimi mbele ya wenzangu nitakaa nyuma.

— Najua, mjomba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

— Hata hivyo halikuzuii.

— Halinizuii.

Hakunywa chai. Ila mlangoni aligeuka, akagusa kizingiti kilichoanza kupasuka, akasema kinahitaji saruji kabla ya mvua. Kisha akaenda.

Mtu aliyefurahi bila aibu alikuwa mzee Salimou, kule Ikoni. Baba katika nyumba za Ngazija ni mtu wa kuja na begi, na miaka yote wajomba walipokata maneno yeye alisikiliza. Alipoambiwa mambo yalipofika, alizima redio.

— Kwa Badroudine mimi ni mgeni, alisema. Ila kwa kadhi mimi ndiye walii. Bila mimi huolewi hata na malaika. Meli ya Mutsamudu inaondoka lini?

Ilikuwa meli ya mizigo, ya saruji na mbuzi, yenye ruhusa iliyoandikwa kwa namna ambayo kila upande ungeweza kusoma unavyotaka. Mzee Salimou aliitapikia bahari njia nzima, na kila akipumzika aliuliza kama mkwewe amejifunza dama. Mutsamudu ikaonekana, imekaa mgongoni mwa mlima na ngome yake juu, bendera nyingine ikipepea pale ilipozoeleka ile moja. Bahia hakuwahi kufika. Vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu. Wanawake waliojifunga shiromani, zile shuka zao za rangi nyekundu, walimwelekeza njia, wakasikia lafudhi yake, wakatazamana, na mmoja akamuuliza waziwazi kama yeye ndiye yule wa kwenye wimbo.

— Ndiye, alijibu.

— Umechelewa, mama. Haya, kata kushoto.

Ghalani karafuu zilimpiga puani kabla ya muziki. Imrane alikuwa ameinama juu ya besi lake, amekonda. Pembeni, juu ya gunia, Ibtissam amekaa na tumbo lake kama mtu aliyekalia kiti cha enzi. Chanfi aliacha kupiga. Mzee Salimou, bado mgonjwa wa bahari, akatafuta pa kuketi.

Imrane hakusimama. Alimtazama tu, kama siku ile, akampa nafasi ndefu kabisa.

— Nimemwambia mjomba wangu, alisema Bahia. Nimemwambia kwa mdomo huu, katika nyumba ile. Sasa nakwambia wewe mbele ya hawa. Nilinyamaza nikiogopa. Nakuomba radhi. Njoo uingie kwangu. Hakuna harusi kubwa, hakuna ng'ombe, hakuna majoho. Mimi nipo, na kizingiti kinachohitaji saruji.

— Na watu wa Moroni?

— Wapo watakaotuzomea. Na wapo wauza mboga walioniitikia kabla yangu. Tutaishi na wote.

— Nikisema hapana?

— Nitapiga chafya, nitarudi. Lakini utakuwa umenisikia.

Ibtissam alivuta pua, akasema kwa sauti yake ile ya sukari kwamba kama Imrane hasemi kitu, yeye atazalia papa hapa ili ghala lipate la kuzungumza. Imrane akacheka. Lilitoka tumboni, zito, likagonga magunia likabaki humohumo, na Bahia akalisikia zima, juu na chini, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akaegemeza besi ukutani, akamwendea mzee Salimou kwanza, kama adabu inavyotaka, akamuuliza kama atamkubali.

— Unajua dama? aliuliza mzee.

— Sijui, baba.

— Ninakukubali.

Kadhi aliwafungisha baada ya swala ya alasiri. Nadjati alihudhuria kwa simu, akapiga vigelegele Maore hadi wakili akatoka ofisini kwake kuuliza nani amekufa.

Siku waliyoondoka, gatini palikuwa na askari wa kujitenga, kijana mwenye bunduki na macho ya usingizi, akikagua kila anayepanda. Alimpitisha mzee. Alimpitisha Bahia, mgeni anarudi kwao. Alipofika kwa Imrane alisoma jina lake, akalitazama gitaa, akamjua.

— Fundi, wewe ni mtu wa hapa. Unakwenda wapi?

— Nakwenda nyumbani.

— Nyumbani ni hapa. Kule si nchi yetu sasa.

— Nakwenda kwa mke wangu.

Askari alimtazama Bahia, akarudisha macho kwa Imrane, na ule ukali wote aliofundishwa kambini ukamtoka usoni. Alitoka njiani, akamsaidia kuinua begi.

— Kumbe mke wako ana nyumba kule, alisema. Si ungesema mapema. Haya, panda, nyumbani kwako wasije wakalala wakikungoja.